Roosevelt: Mgeni Aliyekuja Kuitazama Nchi ya Sotik

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa gari la abiria kutoka Kericho kwenda Sotik anaijua njia hiyo ilivyo. Chai kulia, chai kushoto, imekatwa sawasawa kama meza, na katikati yake wachumaji wamejitwika vikapu mgongoni. Ikifika alasiri mawingu hukusanyika, mvua ikanyesha, pengine hata mvua ya mawe. Watalii nao hupita humo wakielekea Maasai Mara, na husimamisha magari yao kando ya barabara ili wapige picha. Hapo ndipo huambiwa na vijana wanaowatembeza kwamba Rais mmoja wa Marekani, jina lake Theodore Roosevelt, aliwahi kuwinda simba papo hapo penye majani chai.

Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na nimewaona wageni wakiifurahia. Ni kweli kwa nusu. Bwana huyo alifika katika nchi iliyoitwa Sotik, tena alikaa humo majuma kadhaa. Lakini Sotik ya ramani za siku zile haikuwa hii yetu tu, na yeye hakuona hata mche mmoja wa chai huku. Zaidi ya hayo, yako mambo aliyoyatazama kwa makini sana, na yako mengine aliyopita karibu nayo bila kusimama. Hayo ya pili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Basi na tumfuate tangu utotoni, kwani mtu huyu alikuwa mtalii kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Theodore Roosevelt alizaliwa katika jiji la New York tarehe 27 Oktoba, 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye pumu iliyomnyima usingizi, na macho yake hayakuona mbali mpaka aliponunuliwa miwani akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jumba kubwa la makumbusho ya viumbe la New York mwaka 1869, na mtoto mwenyewe aliweka makumbusho yake madogo chumbani, yenye mafuvu, ndege na panya waliokaushwa. Watumishi wa nyumba hawakuupenda mchezo huo, na nani angewalaumu?

Mwaka ule wa 1869 familia ilivuka bahari na kuzunguka Ulaya kwa muda wa mwaka mzima. Walifika Italia na kuupanda mlima Vesuvius unaotoa moshi. Miaka mitatu baadaye walivuka tena, na safari hii walifika Afrika. Majira ya baridi ya 1872 na 1873 walikodi chombo cha matanga wakapanda nacho mto Nile. Watu wazima walikwenda kutazama mahekalu na makaburi ya mafirauni, ilhali kijana wa miaka 14 alishuka pwani na bunduki aliyopewa na baba yake, akapiga ndege kwa makumi, akawachuna na kuwatia dawa ili wasioze. Kwa hiyo mara yake ya kwanza kukanyaga bara letu alikuja na miwani, bunduki na daftari la kuandikia majina ya viumbe. Miaka 36 baadaye alirudi na vitu hivyo hivyo, ila vimeongezeka ukubwa.

Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1880, na mwaka huo huo akamwoa Alice Lee. Walipokwenda Ulaya kwa fungate mwaka 1881, yeye alikwea mlima Matterhorn ulioko Uswisi, mlima ambao umekwisha kuua watu wengi. Si kila bibi harusi angevumilia mambo hayo. Lakini furaha yao haikudumu. Tarehe 14 Februari, 1884, mkewe na mama yake mzazi walifariki dunia siku moja, katika nyumba moja. Alice alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili kabla. Roosevelt alimwacha mtoto kwa dada yake akaenda zake nchi kavu za Dakota kuchunga ng'ombe. Wanaoyaandika maisha yake husema hapo ndipo mwili wake ulipokomaa. Mimi naona pia kwamba hapo alijifunza kutibu huzuni kwa kusafiri, na hakuiacha dawa hiyo mpaka mwisho.

Mambo yake ya siasa nitayapitia upesi, maana vitabu vyake ni vingi. Alioa mara ya pili, bibi aitwaye Edith Carow, mwaka 1886. Alisimamia polisi wa New York, akapigana vita Kuba mwaka 1898, akawa gavana, kisha makamu wa Rais. Rais McKinley alipouawa Septemba 1901, Roosevelt akashika nchi akiwa na umri wa miaka 42, na hakuna aliyekuwa Rais wa Marekani kwa umri mdogo kuliko huo. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuzipatanisha Urusi na Japani.

Hata hivyo liko jambo moja la utawala wake ambalo lazima nilikazie, kwa sababu bila hilo hatumwelewi mtu aliyekuja Sotik. Roosevelt ndiye aliyetumia nguvu za serikali kuyazungushia sheria maajabu ya nchi yake yasiharibiwe. Mwaka 1903 alilala porini Yosemite pamoja na John Muir, mtetezi mashuhuri wa misitu. Mwaka 1906 aliuweka chini ya ulinzi mnara wa mwamba uitwao Devils Tower, na Januari 1908 akafanya vivyo hivyo kwa bonde kuu la Grand Canyon, ambako wenye fedha walitaka kuchimba madini. Alipoondoka madarakani, ardhi iliyowekwa chini ya hifadhi ilikuwa kama ekari milioni 230. Kwa hakika serikali nyingi duniani zilizotenga mbuga za wanyama baadaye zilifuata nyayo hizo, na mtalii wa Mara anayepiga picha tembo ananufaika na wazo lile lile. Hata huko kwake, lakini, Wahindi Wekundu waliokuwa wakiishi katika baadhi ya maajabu hayo hawakuulizwa sana. Mandhari ilihifadhiwa, na mwenyeji akasogezwa kando.

Alitoka madarakani Machi 1909, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ndani ya meli. Alitaka mapumziko, tena alitaka kumpisha Rais mpya atawale bila kivuli chake. Lakini mtu kama yeye hapumziki kwa kukaa. Alipanga safari kwa niaba ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington, akachukua wataalamu watatu wa wanyama na ndege, na mwanawe Kermit aliyekuwa na umri wa miaka 19. Tajiri Andrew Carnegie alisaidia gharama. Gazeti moja la Marekani nalo lilimwahidi dola 50,000 kwa makala atakazoandika njiani. Alibeba pia maktaba ya vitabu vipatavyo 60, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na damu, vikapangwa katika sanduku lililotosha kuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Nimefikiria mara nyingi juu ya mpagazi huyo, aliyebeba kichwani mashairi na tamthilia za Ulaya kutoka mto hadi mto.

Walitia nanga Mombasa tarehe 21 Aprili, 1909. Siku iliyofuata walipanda gari moshi, na Roosevelt hakutaka kukaa ndani kama abiria wengine. Alifungiwa kiti mbele kabisa ya injini, akaketi hapo na Kaimu Gavana Frederick Jackson, akitazama nyika ikimjia. Leo tunalipa pesa nyingi kwa gari lenye paa la kufunguka ili tuone kama alivyoona yeye. Twiga, punda milia na kongoni walivuka reli mbele yake. Alikuwa na umri wa miaka 50, mnene, na jicho lake moja lilikuwa limeharibika kwa ngumi katika mchezo wa ndondi.

Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na kwa kweli ulionekana kama jeshi dogo. Walimwita Bwana Mkubwa, na mwanawe Bwana Mdogo. Magazeti ya siku zile yalieneza kwamba pembeni walimwita Bwana Tumbo, na mimi sioni sababu ya kukataa, kwani wapagazi wa Kiswahili walikuwa na ulimi wao. Waliokuwa karibu naye zaidi ni wabeba bunduki wake, Muhamed na Bakari, na yule wa Kermit, Juma Yohari. Amewataja katika kitabu chake cha safari, African Game Trails, kilichotoka mwaka 1910. Amewasifu kwa ujasiri. Kilometa kwa kilometa walitembea hatua mbili nyuma yake, na faru anapokuja mbio mtu wa kwanza kufikiwa baada ya bwana ni mbeba bunduki. Katika kurasa zote zile, lakini, msomaji haambiwi walizaliwa mtaa gani, wala walikuwa na watoto wangapi. Kuhusu fisi, mwandishi huyo huyo ametuambia mengi.

Sasa tufike Sotik. Mwanzoni mwa Juni 1909 msafara uliondoka Kijabe na kuteremka Bonde la Ufa. Mbele yao palikuwa na nchi ya kiu, kama maili 60 bila maji ya kutegemea. Walikodi magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakapakia mapipa ya maji ya wapagazi, na wakatembea usiku kwa mwanga wa mwezi ili jua lisiwaue. Walipofika kwenye mto aliouandika Guaso Nyero, ndio Ewaso Ng'iro ya kusini, walipiga kambi na kuanza kuwinda katika tambarare alizoziita za Sotik.

Hapa ndipo ninapopenda kuwasahihisha vijana wetu watembezao wageni. Wazungu wa siku hizo waliita Sotik nchi pana sana, kuanzia miinuko ya Wakipsigis mpaka kwenye nyanda za Wamaasai. Mahali alipowinda Roosevelt ni upande wa nyanda. Msomaji anayetoka Sotik mjini leo apite Kaplong, Bomet na Longisa, avuke mto Amala pale Mulot, na aendelee kuelekea Narok. Ataona jinsi chai inavyokoma, kisha mahindi yanapungua, mpaka anafika kwenye daraja la Ewaso Ng'iro ambako hewa yenyewe ni nyingine. Huko ndiko. Ukimwambia mgeni kwamba simba wa Roosevelt aliangukia katika shamba la chai la Kericho, unamuuzia ng'ombe asiye wako.

Huko alipata alichokitaka. Aliona makundi ya nyumbu, pofu, topi na punda milia yaliyofika mpaka upeo wa macho. Aliua simba, faru na twiga. Usiku aliandika makala zake kwa penseli, na mchana wataalamu wake walichuna ngozi na kuzitia chumvi. Mandhari aliieleza vizuri mno, na hapo sina budi kumpa haki yake. Watu wachache sana wameieleza asubuhi ya nyanda zile kwa upendo kama huo.

Upande wa miinuko lakini, ule wa Sotik tunaoujua sisi, palikuwa na habari nyingine. Mwaka 1905, yaani miaka minne tu kabla ya Roosevelt kufika, serikali ya Waingereza ilipeleka jeshi kuwapiga Wakipsigis wa Sotik. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba walikuwa wamewavamia Wamaasai, wakachukua ng'ombe na mateka na kukataa kuwarudisha. Askari wa King's African Rifles wakiongozwa na Meja Pope-Hennessy waliingia nchini, wakaua watu wengi, wakachoma maboma na kuondoka na ng'ombe kwa maelfu. Kisha sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikagawiwa walowezi. Mgeni aliyelala karibu na nchi hiyo mwaka 1909 angeweza kukutana na mama aliyezika watoto wake katika mambo hayo. Kermit angeweza kukutana na kijana wa rika lake aliyekulia katika majivu ya boma la baba yake. Roosevelt aliulizia nyayo za simba.

Si kwamba hakuwatazama watu kabisa. Mwishoni mwa mwaka alirudi upande wetu, na safari hii alipita Kericho ya leo kwa hakika. Alishuka kwenye gari moshi katika stesheni ya Londiani, akapanga mizigo yake hapo, na kukata njia kaskazini kuelekea Uasin Gishu na mto Nzoia. Huko karibu na Sergoi walowezi walimwandalia tamasha. Waliitwa vijana wa Kinandi, ndugu wa Wakipsigis, wakiwa na ngao na mikuki mirefu, wamzingire simba. Waliokaa juu ya farasi, Roosevelt akiwa kati yao, walimfukuza simba mpaka akachoka na kusimama. Mashujaa wakafanya duara polepole. Simba akamrukia mmoja wao, mikuki ikamwingia kutoka kila upande, naye akafa baada ya kumjeruhi yule kijana. Kisha wakacheza ngoma wakimzunguka. Roosevelt aliona kuwa hilo lilikuwa moja ya mambo makubwa aliyoyashuhudia Afrika, na aliwasifu Wanandi kwa moyo wote.

Kumbuka mwaka. Ni Novemba 1909. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alikuwa ameuawa kwa hila tarehe 19 Oktoba, 1905, alipokwenda kuzungumza amani. Mikuki ile ile iliyopendeza machoni pa wageni ndiyo iliyokuwa imewapinga wajenzi wa reli kwa zaidi ya miaka kumi, reli iliyomleta mtazamaji mwenyewe. Bila shaka baadhi ya vijana waliomzunguka simba walikuwa wamezunguka pia kambi za askari. Sasa walicheza mbele ya wazungu. Mzee mmoja wa Londiani, nilipomweleza kisa hicho, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama simba alikuwa dume au jike. Nilimwambia dume. Akatikisa kichwa kana kwamba ameridhika, akaomba chai.

Nimalize habari ya chai kabisa. Katika Kenya chai ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903. Huku Kericho kampuni kubwa zilikuja katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa dini wa Wakipsigis, na ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa, mahali pa joto na mbung'o. Madai juu ya ardhi hiyo hayajafa. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Talai waliyapeleka katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa hiyo mandhari ya kijani ambayo mtalii wa leo anaipiga picha ni changa kuliko safari ya Roosevelt.

Desemba 1909 alipita tena kwa gari moshi, akapanda Mau mpaka juu ya futi 8,300, akateremka kupitia stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, hadi Kisumu. Akavuka ziwa. Kampala alimwona Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto wa miaka 13, nchi ikiongozwa na walezi wake. Kutoka hapo msafara ulikwenda kwa miguu mpaka Ziwa Albert na kuufuata Nile hadi nchi ya Lado, mahali ambapo leo panaitwa Rhino Camp katika Uganda.

Lengo la Lado lilikuwa faru weupe. Yeye na mwanawe waliua tisa, ingawa alijua kwamba ni wachache. Alijitetea kwamba makumbusho lazima yapate mifano kabla wanyama hawajatoweka. Hoja hiyo sina uwezo wa kuitupa moja kwa moja, kwa sababu wataalamu wameitumia mikusanyiko yake kwa zaidi ya miaka 100. Lakini faru weupe wa kaskazini waliendelea kuuawa na wengine kwa sababu zisizo na elimu yoyote. Dume la mwisho, lililopewa jina Sudan, lilikufa Machi 2018 huko Ol Pejeta, Laikipia, na nyuma yake wakabaki majike wawili tu, mtu na bintiye. Hesabu ya safari nzima aliitoa mwenyewe bila kuficha: yeye aliua wanyama wakubwa 296, Kermit 216, jumla 512. Ukiongeza ndege, panya, nyoka na samaki wa wataalamu, viumbe waliopelekwa Washington walizidi 11,000.

Machi 1910 alifika Khartoum, na mkewe Edith na binti yao Ethel wakampokea. Kutoka hapo safari ikageuka kuwa ya miji. Waliona uwanja wa vita wa Omdurman, mahekalu ya Luxor aliyoyaona utotoni, na mapiramidi. Katika Chuo Kikuu cha Kairo alitoa hotuba ya kuwakaripia waliomwua Waziri Mkuu Boutros Ghali, na kuwaambia Wamisri kwamba kujitawala ni jambo la kungojewa kwa vizazi. Vijana wa huko waliandamana kumpinga. Hapo naona mtalii alisahau kuwa ni mgeni.

Ulaya ilimpokea kama mfalme. Alipita Roma, Vienna, Budapest na Paris, ambako alizungumza Sorbonne tarehe 23 Aprili. Tarehe 5 Mei alitoa hotuba yake ya Nobel katika mji ambao leo unaitwa Oslo. Berlin alitazama mazoezi ya majeshi akiwa na Kaisari Wilhelm. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza akafariki siku hizo, na Roosevelt akaombwa kuiwakilisha Marekani katika mazishi ya London tarehe 20 Mei, kati ya wafalme tisa na manyoya ya kofia zao.

Baada ya fahari hiyo yote, ninayempenda ni Roosevelt wa tarehe 9 Juni. Siku hiyo aliwatoroka watu, akaenda msitu wa New Forest pamoja na Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kusikiliza ndege. Walitembea kwa saa nyingi. Macho yake yalikuwa mabaya lakini masikio yake yalikuwa makali, na Grey alishangaa jinsi alivyoupambanua wimbo mmoja na mwingine. Hakupiga hata ndege mmoja. Kesho yake alipanda meli kurudi kwao, na New York ilimpokea kwa umati mkubwa tarehe 18 Juni.

Miaka iliyobaki haikuwa myepesi. Mwaka 1912 aligombea urais kwa chama chake kipya, akapigwa risasi kifuani mjini Milwaukee, akaihutubia hadhara na risasi ikiwa mwilini, kisha akashindwa katika uchaguzi. Akarudi kwenye dawa yake ya zamani. Mwaka 1913 alikwenda Brazil, na mwaka uliofuata akateremka na Kanali Rondon mto usiojulikana kwenye ramani. Homa na kidonda cha mguu vilimfikisha mahali pa kumwomba Kermit amwache afe msituni. Kermit alikataa. Mto huo ulipewa jina la Roosevelt, ila afya yake haikurudi tena. Julai 1918 mwanawe mdogo, Quentin, aliangushwa na ndege yake vitani Ufaransa. Baba alifuata tarehe 6 Januari, 1919, usingizini, nyumbani kwake Oyster Bay, akiwa na umri wa miaka 60.

Makumbusho yale ya New York ambayo baba yake alisaidia kuyaanzisha yalimsimamishia sanamu kubwa ya shaba mlangoni mwaka 1940. Roosevelt amepanda farasi. Upande mmoja anatembea kwa miguu Mhindi Mwekundu, upande wa pili Mwafrika. Watalii walipiga picha hapo kwa miaka zaidi ya 80, na watoto wa shule walipita chini yake kwenda kutazama tembo waliokaushwa ndani. Watu wengi walikuja kuiona kuwa ni dharau, na hata baadhi ya jamaa zake wakakubali iondolewe. Januari 2022 ilishushwa, ikaandaliwa kupelekwa Dakota Kaskazini, kwenye maktaba inayobeba jina lake, karibu na malisho alikokwenda kuchunga ng'ombe alipofiwa. Nimeitazama picha ya Mwafrika yule mara kadhaa. Ana bunduki mkononi, na anatembea hatua zile zile za Muhamed na Bakari.